Dakika 37 uani Ealing

Picha ya nebula ya Orioni aliyoipiga Andrew Ainslie Common tarehe 30 Januari 1883, uani kwake Ealing, London, ilionyesha nyota ambazo jicho halikuwahi kuziona hata kwa darubini. Wengi huusifu ukubwa wa kioo cha darubini yake, sentimita 91. Kioo kilisaidia, ila ugumu haukuwa kuukusanya mwanga. Ulikuwa kuutuliza mahali pamoja.

Hesabu yenyewe nyepesi. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Katika dakika 37 ambazo sahani ya kupigia picha iliachwa wazi, Orioni ilihama nyuzi tisa na ushei, yaani upana wa mwezi mpevu mara 18. Darubini isiyoifuata ingechora michirizi mitupu.

Mambo mawili yalimfaa. La kwanza ni sahani kavu za jelatini. Zile za zamani zilitumiwa zikiwa mbichi, na zikikauka hazifai tena. La pili ni uhandisi. Common, ambaye kazi yake ilikuwa mifumo ya majitaka, aliupunguzia mhimili wa darubini msuguano kwa kuufanya uelee kwenye zebaki, ili mtambo wa saa uuzungushe bila kukwama. Baadaye akabuni fremu ya sahani inayoteleza: mpigaji anachungulia nyota moja pembeni, na ikianza kuponyoka anaisogeza sahani kwa skrubu, darubini nzima ikibaki ilivyo.

Nyota yenye mkia ina ukaidi wake. Common alipiga picha ya moja Juni 1881, na kila anayejaribu leo hukutana na tatizo lile lile: ina mwendo wake kati ya nyota. Ukifuata nyota, kichwa chake kinavurugika. Ukifuata kichwa, nyota zinakuwa michirizi. Siku hizi hupigwa picha nyingi za nusu dakika hivi, kisha programu huzirundika mara mbili, kwanza kwa kulinganisha nyota, halafu kwa kulinganisha kichwa, na matokeo mawili yakaunganishwa.

Kwetu Afrika Mashariki Orioni hupita karibu na utosi, mahali ambapo hewa ya kupenya ni kidogo. Gharama yake iko kwenye mhimili, ambao lazima uelekee ncha ya anga. London huinuliwa nyuzi 51 hivi, Dar es Salaam nyuzi saba tu, Nairobi moja na kidogo, hivyo unakaribia kulala na baadhi ya stendi hazifiki huko. Tena ncha ya kusini ya anga haina nyota angavu ya kulengea. Itabidi utazame nyota inavyoponyoka kwenye kioo cha kamera, urekebishe, utazame tena.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kitu kimoja asikimbilie lenzi kubwa. Anunue kwanza stendi inayofuata nyota, ahakikishe mhimili wake unashuka hadi nyuzi za mji wake. Lenzi ya kawaida ikitulia juu ya stendi hiyo, nebula ya Orioni itatoka.