Uzuri na Faida katika Kurasa za Tovuti

Kila kitu kilichofanywa kwa mkono wa mwanadamu kina wajibu wa namna mbili: kufaa na kupendeza. Mtungi usiopendeza macho huweza kusamehewa ikiwa wahifadhi maji. Lakini mtungi uliojaa nakshi, nao wavuja, hausamehewi na mtu mwenye kiu. Wazee walilisema jambo hili zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika insha hii nataka kuipima kwa mizani hiyo kazi moja ya sanaa ambayo wazee hao hawakuijua, nayo ni ukurasa wa tovuti. Twayapima mashairi, twazipima nyumba na nguo. Hapana sababu ya kuuacha bila kupimwa ukurasa ambao watu huutazama mara nyingi kuliko shairi lolote.

Nilifikishwa kwenye fikira hii na jambo dogo nililoliona katika mji wa Isiolo, kata ya Wabera, yenye jina la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo aliyeuawa mwaka 1963. Ilikuwa saa sita mchana, na jua la huko halina haya. Mzee mmoja alikuwa ameketi mbele ya duka pamoja na mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari. Walikuwa wakitafuta tangazo la basari katika tovuti ya ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja.

“Soma, mjukuu wangu,” alisema mzee.

“Ngoja, babu, picha bado yafunguka.”

Picha ilifunguka: watu waliovaa vizuri wakitabasamu. Kabla haijatulia ilisukumwa kando na picha ya twiga. Twiga naye akasukumwa na picha ya jengo. Chini yake palikuwa na maandishi membamba ya rangi ya kijivu, yaliyolazwa juu ya weupe. Kijana aliiinamisha simu huku na huku, mwisho akaitia katika kivuli cha kofia ya babu yake. Tangazo lilipatikana mwisho kabisa wa ukurasa, na siku ya kupeleka fomu ilikuwa imepita juzi. Sisemi kwamba picha zilimnyang’anya kijana yule basari; huenda alichelewa kutafuta. Lakini mzee aliuliza swali ambalo sijalisahau: “Sasa picha hizi zote zilikuwa za kazi gani?” Mzee hakujua kuwa swali lake ndilo swali la kwanza la kila mhakiki.

Ili kulijibu, yatupasa kujua mitindo hii ilikotoka. Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1991 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN, karibu na Geneva. Ilikuwa maneno matupu, na baadhi ya maneno hayo yalikuwa njia za kwendea kurasa nyingine. Haikuwa na pambo, lakini hakuna aliyepotea ndani yake. Baadaye mapambo yakaja kwa wingi. Ukafika wakati ambapo vitu vya kiooni viliigiza vitu halisi: daftari la simu lilionyesha ngozi na uzi wa mshono, na rafu ya vitabu ilionyesha mbao. Mwaka 2013 kampuni ya Apple iliyaondoa maigizo hayo katika simu zake, na umbo bapa lisilo na kivuli likaenea pia katika tovuti, ambazo aghalabu hufuata mitindo ya simu. Mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ilileta mtindo wa vitu vinavyong’aa kama kioo, ambavyo kilicho nyuma huonekana kwa mbele. Wengi walilalamika kuwa maandishi hayasomeki vyema, na mwaka huo huo ikaongezwa njia ya kuupunguza uangavu huo. Kwa hiyo mtindo hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mhakiki hawezi kuusifu kwa sababu ni mpya, wala kuulaumu kwa sababu hiyo hiyo.

Yampasa awe na kipimo kingine, nami nakiona katika leso. Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Pindo na mji vyaweza kujaa maua, korosho au nyota, kwa rangi zinazoshindana. Lakini jina huwekwa mahali pake penyewe, kwa herufi nzito, wala ua halipiti juu yake. Mwanamke aendaye kununua leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, huvutwa kwanza na rangi. Lakini aghalabu halipi kabla hajalisoma jina, kwa sababu jina ndilo litakalosema kwa niaba yake. Ukurasa wa tovuti nao una pindo, mji na jina. Mapambo ni pindo, picha ni mji, na habari ambayo msomaji ameijia ni jina. Swali ni hili: je, jina lasomeka?

Nikiupima kwa kipimo hiki mtindo unaopendwa siku hizi, naona makosa matatu. La kwanza ni maandishi hafifu. Kijivu juu ya nyeupe hupendeza katika chumba chenye kivuli, mbele ya kioo kipana cha mbunifu. Juani kwetu hufifia mpaka yakatoweka. Kosa hili halina udhuru, kwa maana kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2008 zataka tofauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na mahali yalipoandikwa isipungue kiasi cha 4.5 kwa 1. La pili ni kuficha milango. Alama ya mistari mitatu iliyolala, iliyochorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981, leo ndiyo kifuniko cha menyu katika simu. Kijana huijua, mzee wa Wabera hudhani ni pambo. La tatu ni uzito. Ukurasa wa kawaida leo una zaidi ya megabaiti 2, na sehemu kubwa yake ni picha. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009 na kuongeza kasi ya intaneti, lakini mtu anunuaye bando kwa kipimo bado hulipia kila picha inayofunguka, ya twiga na ya jengo, hata asiyoihitaji.

Haki yataka niseme pia mema ya mitindo hii. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza namna ya kuunda ukurasa unaojikunja wenyewe kulingana na upana wa kioo. Mtindo huo umeenea kila mahali, na ni neema kwa nchi yetu, ambayo wengi wao waliijua intaneti kwa simu ya mkononi kabla ya kugusa kompyuta. Kurasa za rangi nyeusi hupumzisha macho usiku. Nafasi tupu kuzunguka maneno nayo si ufukara. Ni pumzi ya msomaji, kama kituo katika usomaji wa shairi.

Wala si kweli kwamba watu wetu hawajui kuunda kurasa zenye jina. Mwezi wa Januari 2008, nchi ya Kenya ilipokuwa katika ghasia baada ya uchaguzi, Wakenya wachache na wenzao waliunda tovuti ya Ushahidi. Ilikuwa ramani, na juu ya ramani palikuwa na alama za mahali. Kila alama ilibeba habari iliyoletwa na watu, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Mtu aliyeitazama ramani ile aliuona mji wake, akajua kilichotukia humo. Picha yenyewe ndiyo iliyokuwa habari, na hakuna mzee angeuliza ilikuwa ya kazi gani.

Huenda mtu akanijibu kuwa nataka kurasa zilizo uchi, na kwamba mwanadamu haishi kwa faida peke yake. Sitaki hivyo. Milango ya kale ya Lamu na Zanzibar imejaa nakshi kutoka juu hadi chini, nami sitamani hata ua moja liondolewe. Lakini mlango ule hufunguka, na mgeni ajapo huona mahali pa kubisha. Fundi wake aliitia nakshi katika kazi ya mlango, hakuiweka kazi hiyo chini ya nakshi.

Baadhi yenu mnaosoma insha hii mtakuwa mafundi wa kurasa hizi. Mtaunda tovuti za shule, za hospitali, za vyama vya wafugaji na za ofisi za serikali. Mtajifunza mitindo ambayo mimi siijui, na mtaicheka ninayoijua. Nawaomba jambo moja. Kazi ikisha kumalizika, msiitazame kwa kioo kipana cha ofisini peke yake. Ichukueni katika simu ya bei ndogo, mtoke nayo nje saa sita mchana, mumpe mzee aliyeketi mbele ya duka, mkamwulize: “Babu, hapa pameandikwa nini?” Akiwajibu upesi, ongezeni maua mpendavyo. Akianza kutafuta kivuli, rudini kazini.