Pampu ya Boila na Kasi Isiyo na Kazi

Nyumba nyingi za kaskazini mwa Marekani hupashwa joto kwa maji ya boila. Maji hayo husukumwa na pampu ndogo yenye swichi ya kasi tatu, na mafundi wengi huiacha kwenye tatu wakihofia simu ya malalamiko usiku wa theluji.

Hofu yenyewe inaeleweka: nyumba ina ghorofa tatu, maji yatafikaje juu? Yatafika. Mfumo umefungwa na umejaa, kwa hiyo uzito wa maji yanayoshuka husawazisha uzito wa yanayopanda. Pampu hushindana na msuguano tu, wa mabomba, viungo na vali. Namba 58 kwenye pampu ya UPS15-58 ya Grundfos ni mita 5.8 za msukumo dhidi ya msuguano huo, wala haihusiani na kimo cha nyumba.

Tuseme nyumba inahitaji kilowati 10 kwenye baridi kali. Maji yanatoka na nyuzijoto 82 za Selsiasi, yanarudi na 71. Hiyo tofauti ya 11 ndiyo waliyoizoea mafundi wa huko. Hesabu inadai lita 780 hivi kwa saa. Zipunguze hadi nusu, utadhani joto nalo litakuwa nusu. Wapi! Maji hukaa zaidi ndani ya rejeta za ukutani na kurudi yamepoa zaidi, na joto la chumbani hupungua kwa takriban asilimia 10 tu. Kwa hiyo anayepandisha kasi ili apate joto anapata kelele za mabomba na bili ya umeme.

Kupanga kasi kunataka vipimajoto viwili, kimoja kwenye bomba la kwenda, kingine kwenye la kurudi. Toa hewa kwanza, maana rejeta yenye hewa huisingizia pampu udhaifu. Fungua vali zote, boila iwake mfululizo, anzia kasi ya kwanza, usubiri vipimo vitulie. Tofauti ikizidi sana 11 na chumba cha mwisho kikabaki baridi, panda hatua moja.

Kwa boila zinazovuna joto la mvuke wa moshi, kasi ya chini ina faida zaidi: maji yasiporudi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki kuwa maji, na fedha za ziada ulizoinunulia boila zimepotea.

Pampu mpya za sumaku ya kudumu hujirekebisha zenyewe, lakini mwenendo wake huchaguliwa na mtu: mabomba ya sakafuni hutaka msukumo usiobadilika, rejeta zenye vali za thamostati hutaka unaoshuka kadiri vali zinavyojifunga.