Nani Mtawa katika Mtawa Mweusi?

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi wanaifahamu tamthilia ya Mtawa Mweusi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa jibu moja tu la mtihani, yaani kwamba inapinga ukabila na kuonyesha mgongano wa mila na usasa. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, limechakaa kwa kurudiwarudiwa, na tunaona kwamba linaficha jambo ambalo walimu na wanafunzi wa lugha wangepaswa kuliona kwanza. Tamthilia hii iliandikwa kwa Kiingereza na mwanafunzi wa shahada ya Kiingereza, katika Chuo cha Makerere, hapa Uganda. Katika makala hii tunakusudia kuisoma kama zao la darasa hilo, kisha tujiulize darasa letu la Kiswahili limejifunza nini kutokana nalo.

Usuli wa tamthilia

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ilipandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mpango huo ulidumu hadi 1963 kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo, aliyesomea Kiingereza Makerere katika kipindi hicho alifuata mtaala uliolingana na wa London na kupewa digrii ya London. Alimsoma Shakespeare, akasoma washairi na wanariwaya wa Uingereza, na akajengewa imani kwamba hiyo ndiyo fasihi yenyewe. Ngũgĩ, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, aliingia chuoni mwaka 1959 na kuhitimu mwaka 1963.

Lakini tusiishie kwenye mtaala. Idara hiyohiyo ilikuwa na jarida lake, Penpoint, lililoanza mwaka 1958, na humo wanafunzi walichapisha hadithi na mashairi yao. Mabweni yalishindana kila mwaka kwa kazi za Kiingereza, ikiwemo michezo ya kuigiza. Mwaka 1965 mhadhiri David Cook alihariri mkusanyiko wa kazi za Makerere uitwao Origin East Africa. Mtawa Mweusi wenyewe, kwa jina la The Black Hermit, uliigizwa Novemba 1962 katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo mjini Kampala, mwezi mmoja tu baada ya Uganda kupata uhuru. Ulitolewa kitabuni mwaka 1963, na tafsiri ya Kiswahili ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Juni mwaka huohuo wa 1962, Makerere ilikuwa imewakutanisha waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ alialikwa angali mwanafunzi, kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Shaaban Robert, aliyefariki Tanganyika mwezi huo huo akiwa ameacha mashairi na vitabu vingi, hakuwa na nafasi katika mkutano ule, kwa kuwa jina lake tu lilitosha kumfungia mlango. Ngũgĩ mwenyewe alilieleza jambo hili mwaka 1986 katika Decolonising the Mind.

Remi: msomi asiyesikiliza

Mhusika mkuu, Remi, ni mtu wa kwanza wa kabila lake dogo la Marua kufika chuo kikuu. Alimpenda Thoni, lakini hakumwambia, na Thoni akaolewa na kaka yake. Kaka alipofariki, baba yao aliusia Remi amrithi mjane huyo. Remi alikubali, kisha akakimbilia mjini, akazama katika kazi, starehe na mapenzi na Jane, msichana wa Kizungu ambaye hakumwambia kwamba ana mke nyumbani. Wazee wanamtaka arudi awe kiongozi wao na wanampelekea dawa zao. Mchungaji naye anamfuata na Biblia.

Wahakiki wengi wa darasani huishia hapa, wakapanga safu mbili: mila upande huu, usasa upande ule. Sisi tunaona kwamba ufa wa tamthilia hauko kati ya safu hizo. Uko ndani ya Remi, naye ni ufa wa lugha. Remi ni hodari wa kusema mbele ya watu. Anaporudi kijijini anawakemea wazee, analaani ukabila, anakataa kufungwa na desturi. Lakini katika tamthilia nzima hapati kuketi na Thoni na kumwuliza neno moja. Anaamini kwamba Thoni hakumpenda, na anaitangaza imani hiyo hadharani bila kuichunguza. Ukweli anaujua kupitia barua, naye Thoni amekwisha kujiua.

Tukiikumbuka Makerere ya 1962, hatushangai. Chuo kilimfundisha kijana wa aina hii kujadili, kuhutubia na kuchambua, na kikamfundisha hayo yote katika lugha ambayo mama yake na mke wake hawakuitumia. Hatusemi kwamba Kiingereza kilimwua Thoni. Hilo litakuwa jibu rahisi kupita kiasi. Tunasema kwamba elimu ya Remi ilimpa ulimi wa kusemea mbele ya umati, haikumpa sikio la kusikilizia nyumbani.

Hapa ndipo tunapomlaumu pia mwandishi. Thoni ameandikwa kwa uchache mno. Tunamwona akihuzunika, tunamsikia akizungumza na mama mkwe wake, Nyobi, lakini fikra zake anapewa katika barua tu, pale ambapo haziwezi kumsaidia tena. Tamthilia inamhukumu Remi kwa kutomsikia Thoni, ilhali yenyewe imempa Thoni nafasi ndogo ya kusikika. Kosa la mhusika linakaribia kuwa kosa la mtunzi.

Kiswahili kinaongeza nini?

Wanafunzi wetu hupenda kusema kwamba tafsiri hupoteza. Kichwa cha tamthilia hii kinaonyesha kwamba tafsiri pia huweza kupata. Neno la Kiingereza lililomo katika kichwa cha awali lina maana ya mtu aliyejitenga na watu ili akae peke yake, na bila shaka linamlenga Remi, aliye mpweke katikati ya jiji. Kwa Kiswahili tunasema mtawa. Leo wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza masista wa kanisani. Lakini mzizi wake ni kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani bila kutoka, na katika matumizi ya zamani ya pwani kilihusishwa hasa na mwanamke wa heshima asiyeonekana nje.

Basi tuulize: nani aliyetawa katika tamthilia hii? Remi anatembea, ananywa, anacheza dansi, anahutubia. Anayekaa ndani, anayengoja, asiyesikika, ni Thoni. Kiswahili, pengine bila mfasiri kukusudia, kimeugeuza mwanga kutoka kwa kijana wa chuo kikuu hadi kwa mwanamke aliyeachwa nyumbani. Mwanafunzi wa Kiingereza hawezi kuiona maana hiyo katika kichwa cha awali. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza, iwapo mwalimu atamwacha alifikirie neno kabla ya kumwandikia ubaoni maudhui matano na fani sita.

Darasa letu

Ni desturi katika idara zetu kuilaumu idara ya Kiingereza kwa kupendelewa. Lawama hiyo ina msingi. Nchini mwetu Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari; lakini maamuzi hayo yamekuwa yakienda polepole kuliko maneno yake. Hata hivyo, lawama isitusahaulishe kujitazama. Darasa la Kiingereza la Makerere lilikuwa na mtaala wa kigeni, lakini lilikuwa pia na jarida, mashindano na jukwaa. Madarasa mengi ya Kiswahili yamerithi upande mmoja tu wa urithi huo, yaani maswali ya mtihani. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa amezihakiki tamthilia kumi, asiwe ametunga onyesho hata moja.

Aidha, tusijidanganye kwamba Kiswahili ni lugha ya Thoni. Kwa Waganda wengi si lugha ya mama, na wapo wanaokihusisha bado na amri za askari. Mwanafunzi wetu naye yumo hatarini kuwa Remi mwingine: hodari wa Kiswahili sanifu cha ukumbini, bubu anapokutana na muuza ndizi anayezungumza Kiswahili cha sokoni.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila muhula darasa la tamthilia liigize walau onyesho moja mbele ya watu wasio wanafunzi. Pili, kurasa za jarida hili zipokee tungo za wanafunzi, si makala za walimu pekee. Tatu, kwa Mtawa Mweusi, mwanafunzi apewe kazi ya kuandika onyesho ambalo Ngũgĩ hakuliandika: Thoni na Remi wameketi, na Thoni ndiye anayeanza kusema.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025, baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika kwa Gĩkũyũ na kudai haki ya lugha za Kiafrika. Safari hiyo ilianzia katika darasa la Kiingereza ambalo, pamoja na kasoro zake zote, lilimwachia mwanafunzi kalamu mkononi. Wanafunzi wetu nao wapewe yao.