Kitabu Kisicho na Kurasa za Mwisho: Wasomaji wa Ben Mtobwa Nakivale na Mbarara

Katika safu hii ya uhakiki tumezoea kujadili vitabu vinavyotahiniwa. Safari hii tunaomba ruhusa tumzungumzie mwandishi ambaye hayumo katika orodha ya vitabu vya kozi zetu, lakini ambaye kazi zake husomwa hadi zikachanika. Naye ni marehemu Ben R. Mtobwa, Mtanzania aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958 na kufariki dunia mwaka 2008, mwandishi, mhariri na mchapishaji, baba wa mpelelezi mashuhuri Joram Kiango.

Wasomaji wake tuliwakuta mahali ambapo hatukutarajia. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka mjini Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958, mwaka uleule aliozaliwa Mtobwa, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo yanahifadhi watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Tulikwenda huko kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tulibeba vitabu vya sarufi. Jioni, karibu na kibanda cha kuchajia simu, tukakuta watu saba wamemzunguka fundi cherehani aliyekuwa akisoma kwa sauti.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimepoteza jalada, na kurasa za mwisho hazikuwapo. Hata jina lake halikujulikana. Kila mtu alikiita "kile cha Joram". Kilikwishasomwa hapo mara kadhaa. Sasa walikuwa wanakisoma tena kwa sababu moja tu: kutafuta nani aliua. Kwa kuwa mwandishi hakuweza tena kuwaambia, walikuwa wakirudi nyuma kutafuta ushahidi: nani alijua saa ya safari, nani alijibu swali ambalo hakuulizwa, nani alitajwa mara moja kisha akasahauliwa. Kijana mmoja alimtuhumu mhusika fulani. Mama mmoja mwenye asili ya Uvira akampinga na kumtaka fundi arudi kwenye ukurasa alioutaja. Ukafunguliwa, ukasomwa, kijana akanyamaza.

Tulisimama pale tukatazamana. Miaka nenda miaka rudi tumekuwa tukiwasihi wanafunzi wetu wasome kwa makini, watoe hoja na kuzithibitisha kwa kurejelea matini. Jambo hilohilo lilikuwa likifanyika mbele yetu, bila alama wala mtihani.

Suala la riwaya pendwa

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Wahakiki wengi wameigawa riwaya ya Kiswahili katika makundi mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na riwaya ya upelelezi wakaitupa katika kundi la pili. Husemwa kwamba inaburudisha tu, na kwamba msomaji akishamjua muuaji kitabu kimekwisha kazi. Kwa maoni yetu, mgawanyo huu una manufaa fulani darasani lakini unatuficha mengi.

Kwanza, riwaya ya upelelezi si mgeni wa jana katika fasihi yetu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka mwaka 1960, ikatuletea Bwana Msa wa Unguja na kiko chake. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ikafuata mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Mtobwa alikuja baada yao, na alijua anatoka wapi. Bwana Msa hukaa akafikiri. Willy Gamba hutumwa na serikali. Joram Kiango hujituma mwenyewe. Yeye si askari. Hufanya kazi pamoja na Nuru, na Inspekta Kombora wa polisi mara humhitaji na mara humlaumu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowavuta wasomaji wengi wa Nakivale. Walituambia kwamba mtu asiye na cheo ambaye hata hivyo anauliza maswali ni mtu wanayetamani angekuwapo.

Lugha inayosema na mtu

Pili, kuna suala la mtindo, ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama kwa karibu. Chukueni majina ya vitabu vyake peke yake: Najisikia Kuua Tena, Lazima Ufe Joram, Tutarudi na Roho Zetu? Jina la kwanza liko katika nafsi ya kwanza umoja, na anayesema anakiri tamaa ya kuua. La pili liko katika nafsi ya pili: kuna mtu anaambiwa usoni kwamba atakufa. La tatu liko katika nafsi ya kwanza wingi, tena kwa kiulizi. Kabla hujafungua kitabu, kuna mtu anasema na mwingine anaambiwa. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linaloanza na nomino na kukaa kimya.

Ndani ya vitabu mambo ni hayohayo. Sentensi zake ni fupi, na mazungumzo yamechukua nafasi kubwa. Maelezo ya mahali huja kwa kiasi kile tu ambacho mtu anayepita haraka angeweza kuona. Sura huishia pale ambapo msomaji anataka kuuliza, na huo ndio ufundi wa taharuki. Kiswahili chake ni sanifu, lakini ni sanifu ya mtaani Dar es Salaam, yenye mzaha na kejeli, si ile ya hotuba za ufunguzi wa semina. Mwanafunzi anayekwama katika aya ndefu za maelezo hupata hapa ngazi ya kupandia.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Uganda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, wanafunzi wetu wa Mbarara, ambao nyumbani husema Runyankole, bado hukutana na wazee wanaokiita lugha ya askari na wezi. Kumbukumbu hiyo ina chanzo chake katika historia ya majeshi ya nchi hii, wala hatuwezi kuifuta kwa kauli mbiu. Lakini mwanafunzi akisoma riwaya ya Mtobwa anakuta jambo la ajabu. Askari anasema Kiswahili, mwizi pia anasema Kiswahili. Lakini vilevile daktari, mpenzi, mama mzazi, mwenye duka na mtoto. Kinachowatofautisha si lugha bali tabia, uchaguzi wa maneno na namna ya kunyamaza. Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia Kiswahili kikibembeleza.

Kwa Wakongomani wa Nakivale hali ni kinyume. Wao Kiswahili wanacho tangu utotoni. Kinachowasumbua ni kalamu nyekundu ya mwalimu. Mtoto wa Bukavu akiandika "batu" badala ya "watu", au "mu nyumba" badala ya "nyumbani", hupata kosa, na baada ya makosa kumi huamini kwamba hajui lugha ya mama yake. Mama yule wa Uvira alikuwa akimsikiliza fundi kwa Kiswahili cha Mtobwa na kubishana kwa Kiswahili chake mwenyewe, wala hakuna aliyehitaji mkalimani. Tulijifunza kwamba usanifu unaweza kumfikia mtu kama sauti ya kusikiliza kabla haujamfikia kama sheria ya kutii.

Mapenzi yasiyo upofu

Tusije tukadhaniwa kwamba wasomaji hawa wanasifu kila kitu. La hasha. Walipotajiwa Kikosi cha Kisasi cha Musiba, ambamo Willy Gamba anafanya kazi Kinshasa, Wakongomani walicheka: Kinshasa ni mji wa Kilingala, wakauliza mpelelezi huyo alimsikia nani kwa Kiswahili. Ni swali zuri la uhakiki, linalohusu uhalisia na mipaka ya hadhira ya mwandishi.

Juu ya Mtobwa mwenyewe walikuwa na malalamiko matatu. La kwanza ni kwamba Joram huponyoka kirahisi mno, risasi zinamjua. La pili, lililotolewa na wanawake, ni kwamba Nuru husifiwa uzuri mara nyingi kuliko akili, ilhali akili anayo. La tatu ndilo lililotunyamazisha. Mama wa Uvira alisema kwamba katika vitabu vya aina hii kuna watu wanaokufa njiani, walinzi na madereva, ambao hufa katika sentensi moja na hakuna anayeuliza majina yao. Alisema kwamba yeye anatoka mahali ambapo watu wengi wamekufa katika sentensi moja.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha mapenzi ya wasomaji hawa, na pia kiini cha udhaifu wa riwaya wanayoipenda. Tulidhani kwamba watu waliokimbia mauaji wangekichukia kitabu kilichojaa mauaji, au kwamba wanakipenda kwa sababu ya damu. Sivyo. Damu wameiona ya kutosha. Wanachokipenda ni swali. Riwaya ya upelelezi inamwahidi msomaji kwamba mtu akiuawa, atatokea mtu wa kuuliza ni nani aliyeua, hatachoka kuuliza, na mwishoni jibu litapatikana. Kwa mtu aliyekulia katika amani ahadi hiyo ni mchezo. Kwa mtu ambaye ndugu zake waliuawa na faili halikufunguliwa, ni jambo zito. Kwa hiyo mlinzi anapokufa bila kuulizwa, riwaya imevunja ahadi yake yenyewe. Mama yule hakuwa akilalamikia ukatili wa hadithi. Alikuwa akiidai hadithi itimize neno lake. Hatujasoma uhakiki mkali kuliko huo juu ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, na ulitolewa na msomaji aliyeketi juu ya debe.

Twaweza kuongeza la kwetu. Jibu katika riwaya hizi huletwa na mtu mmoja shujaa, si na mahakama. Haki inategemea ujanja wa Joram. Siku asipokuwapo haki haipo. Mtobwa mwenyewe anaelekea kulijua hilo, ndiyo maana Inspekta Kombora habanduki kabisa katika visa vyake. Lakini hakulifuatilia, na hapo ndipo mwalimu anapoweza kuanzisha mjadala darasani.

La kufanya

Baada ya ziara hiyo tulijaribu jambo dogo Mbarara. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili riwaya ya Mtobwa tukiwa tumezuia sura ya mwisho. Kila kundi lilitakiwa kumtaja mhalifu na kutoa vithibitisho vitano kutoka katika matini, pamoja na kurasa zake. Wanafunzi ambao kwa kawaida hawafiki ukurasa wa ishirini walisoma kitabu chote mara mbili. Kisha tuliwapa zoezi la pili: wachague mhusika aliyekufa katika sentensi moja, wampe jina, na kumwandikia ukurasa mmoja. Hapo tuliruhusu Kiswahili cha kila mtu katika mazungumzo, na kudai usanifu katika usimulizi pekee. Kazi zilizoletwa zilikuwa bora kuliko insha zozote tulizopokea muhula ule.

Hatusemi Mtobwa achukue nafasi ya Shaaban Robert au Euphrase Kezilahabi. Tunasema kwamba mwalimu anayemficha mwanafunzi vitabu vinavyopendwa, kisha akalalamika kwamba wanafunzi hawasomi, anajidanganya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ni kweli. Lakini mgema asiyeonjwa hatajua kama tembo lake ni zuri au bovu.

Imebaki habari ya kitabu kile. Mmoja wetu alifanikiwa kupata nakala kamili, tukaipeleka Nakivale. Fundi cherehani aliifungua nyuma, akasoma kurasa chache za mwisho kwa sauti, wote wakiwa kimya. Kijana aliyeshindwa siku ile ndiye aliyekuwa amepatia. Mama wa Uvira alikubali, lakini akasema kwamba ushahidi wake hautoshi, na kwamba mwandishi alipaswa kuonyesha zaidi. Kisha akaomba kitabu kianze kusomwa upya tangu mwanzo, kwa kuwa sasa anataka kuwahesabu walinzi.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi kutuletea maoni yao kwa toleo lijalo, hasa wale waliojaribu kufundisha riwaya ya upelelezi darasani. Na mwenye nakala za ziada za vitabu vya Mtobwa azilete ofisini kwetu, wasomaji wanazingoja.