Karani Anayesinzia Sekunde Moja

Shangazi yangu wa Lupingu hufinyanga vyungu, kama wanawake wengi wa Kikisi wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa, na ana daftari. Jalada limeingia mafuta na kurasa zimejikunja, lakini kila chungu kilichopanda boti kwenda Matema kimo humo. Siku moja alinikuta barazani nimejishika kichwa. Nilikuwa nimekata aya nzima ya barua ili niihamishie chini, na kabla ya kuibandika nikakopi namba ya simu. Aya ikapotea.

"Sasa mashine yote hiyo," akauliza, "haina daftari?"

Haina. Tangu kina Larry Tesler na Tim Mott walipounda kukata na kubandika huko Xerox, California, katikati ya miaka ya 1970, desturi ya kompyuta nyingi imekuwa nafasi ya kitu kimoja: kipya kikiingia, cha zamani kwaheri. Kwenye Linux inayotumia mfumo wa X mambo ni ya ajabu zaidi. Ukikopi, hakuna kilichohama. Programu imetangaza tu kwamba inacho. Ni kama mzigo uliobaki ndani ya boti huku ufukweni ukisikika wito wake. Utashushwa siku mtu akiuhitaji. Boti ikiondoka kabla ya hapo, imeondoka nao.

Usiku ule niliandika skripti ya sheli, mistari isiyozidi kumi. Kazi yake: iamke, imtume xclip, programu ndogo, akaulize kilichokopiwa ni nini, ikilinganishe na ilichokiona mara ya mwisho. Kama ni kipya, ikiandike chini kabisa ya faili pamoja na saa. Kama ni kilekile, inyamaze. Kisha ilale sekunde moja. Alama ya & mwishoni huipeleka nyuma, ikaendelea huko huku mimi nikishughulika na yangu.

Ufundi wote umo kwenye ile "kama". Iondoe, na neno moja ulilolikopi asubuhi litaandikwa mara 3,600 kwa saa. Karani wa bandarini anaweza kulitazama gunia lilelile la mahindi mara kumi. Analiandika mara moja. Wengi wanaoanza kuandika programu hukazania kuifanya itende. Kuifundisha kutotenda huchukua muda mrefu zaidi.

Usingizi nao una hesabu yake. Ukiufuta, kompyuta inauliza bila kupumua, feni inanguruma na betri inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Ukiurefusha hadi sekunde tano, vitu viwili vikikopiwa kwa haraka, cha kwanza kinapita bila kuonekana. Kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi, amri ya wl-paste inaweza kukaa ikisubiri kuamshwa pale tu kitu kinapobadilika. Mafundi watakwambia hiyo ndiyo njia safi, na wako sahihi. Mimi bado naipenda hii ya kusinzia, kwa sababu naiona yote kwa jicho moja, mwanzo hadi mwisho, kama ninavyoona chungu cha shangazi ambacho hakikupita kwenye gurudumu wala hakina udongo wa ziada. Ina kasoro zake. Sheli, kwa mfano, huondoa mistari mitupu iliyo mwishoni mwa maandishi. Sijawahi kuililia.

Kinachonikosesha raha ni uaminifu wa skripti hii. Karani huyu hachagui. Ukikopi nywila, ataiandika wazi, na saa yake. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa ni umask 077, ili faili lizaliwe likiwa la kusomwa na mwenyewe tu. Lakini hiyo ni kufuli ya mlango tu. Karatasi iko palepale mezani.

Jioni hii nimelifungua faili. Kuna oda ya vyungu sita, kuna ile namba ya simu tena, kuna aya tatu nilizozikata nikazisahau, na katikati yake nywila ya benki. Nikaufuta mstari huo. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono bado ina udongo.

"Unafuta?" akasema. "Mimi kwenye langu huwa nachora mstari juu yake tu."