Mtoto Olive na Taji la Uzuri

Katika Marekani kuna mashindano ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona: wasichana wadogo, wengine hata miaka mitano hawajatimiza, wanapandishwa jukwaani ili watu wazima waamue nani mzuri kuliko wenziwe. Wazazi wanalipa ada ya kuwaandikisha, wananunua nguo za bei kubwa, nywele za bandia, hata meno ya bandia ya kuziba pengo la meno ya utoto. Mwaka 2006 ilitolewa sinema juu ya mambo hayo, Little Miss Sunshine, iliyoongozwa na Jonathan Dayton na Valerie Faris. Watu waliicheka sana, nasi tulicheka. Lakini yafaa kuitazama tena, maana kicheko chake kinawasamehe wengine upesi mno.

Olive ni msichana wa miaka saba, mwenye miwani mikubwa na tumbo la kitoto. Yeye na jamaa yake wanatoka Albuquerque kwenda Redondo Beach, California, katika motokari kuukuu ya rangi ya manjano. Klachi inakufa njiani. Basi kila wakiondoka wanashuka, wanasukuma, kisha wanakimbia na kurukia ndani. Baba yake, Richard, anafundisha watu njia 9 za kushinda duniani, naye mwenyewe hajashinda kitu.

Kwetu sisi, sehemu iliyo bora si ya jukwaani, ni ya mezani. Wamesimama kula mkahawani. Olive anaomba aiskrimu. Baba yake hamgombezi. Anamweleza taratibu, kama mwalimu mwema, kwamba aiskrimu ina mafuta, na mafuta yakiliwa hukaa mwilini. Kisha anamwuliza kama malkia wa uzuri ni wanene ama wembamba. Mtoto anaacha kula. Hapo babu na wengine wanaanza kuila ile aiskrimu mbele yake na kuisifu, mpaka naye anairudia. Tazameni: California ingali mbali, na mashindano yamekwisha kuanza. Mwamuzi wa kwanza ni baba mzazi! Usiku mtoto analia kwa babu yake, anaogopa kushindwa, kwa sababu baba hapendi washindwao. Na baadaye, akikutana na malkia wa uzuri wa California, swali lake ni moja tu: je, wewe unakula aiskrimu? Yule anajibu kwamba anakula.

Wasichana wanaoshindana na Olive katika sinema hii walikuwa washindani wa kweli wa mashindano ya namna hiyo. Wamepakwa rangi midomoni, wanatabasamu kama sanamu. Halafu Olive anatoka na dansi aliyofundishwa na babu, dansi ya wanawake wanaovua nguo mbele ya wanaume. Yeye hajui maana yake. Msimamizi anawaka hasira, anataka aondolewe mara moja. Lakini waliomtangulia, waliotikisa viuno wakapigiwa makofi, walifundishwa nini? Hapo sinema imesema kweli kabisa.

Ila babu je? Aliyemfundisha mtoto mambo hayo ni yeye, mtu mzima mwenye kujua. Watunzi wamemwua njiani, hivi hakuna wa kuulizwa. Tena baba, mama, kaka na mjomba wanapanda jukwaani kucheza pamoja na mtoto, na watazamaji wanafurahi kwamba jamaa imepatana. Ni vizuri kutomwacha mtoto peke yake katika aibu. Lakini ni Dwayne, yule kaka mwenye hasira, aliyekuwa amesema neno la maana nyuma ya jukwaa: hataki watu wale wamwamue dada yake, na kazi ya mama ni kumlinda. Mama akajibu kwamba Olive aachwe awe Olive. Jibu tamu, lakini mtoto wa miaka saba hakujiandalia dansi ile.

Mwishoni polisi wanawaachilia kwa sharti moja, wasimwandikishe tena mtoto katika mashindano ya uzuri ya California. Katika sinema hayo ni mzaha. Katika Ufaransa, mwaka 2014, ikawekwa sheria kweli: mtoto asiyetimiza miaka 13 haruhusiwi kushindania uzuri, hata wazazi wake wakitaka.