Kiraka si Kipimo: Kulikagua Gurudumu Lililorudishwa

Mchuuzi anayesukuma baiskeli huko Maniema, mashariki mwa Kongo, tuseme anatoka mahali paitwapo Kama akiyalenga masoko ya Kindu, hupakia juu ya keria magunia ya mpunga au madumu ya mawese yenye uzito kumzidi yeye mwenyewe. Akipata pancha, hukodolea macho kiraka: kimebandikwa vizuri? gundi imekauka? Nadhani hapo anapima mahali pasipostahili. Kiraka kikishafunikwa na tairi hakikaguliki tena, na kikiwa kibaya kitajitangaza chenyewe kwa kuvuja. Fundi bora hutambulika kwa jinsi anavyolirudisha gurudumu mahali pake, na kazi hiyo mwenye baiskeli anaweza kuikagua kwa macho na masikio yake kabla hajatoa hela mfukoni.

Watengenezaji wa matairi walilijua jambo hili mapema. Dunlop alipotoa tairi lake la upepo mwaka 1888, tairi liligundishwa kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya masaa. Mwaka 1891 mwendesha baiskeli Charles Terront alishinda mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilometa 1,200, akitumia matairi ya Michelin yaliyoweza kuvuliwa na kurudishwa barabarani. Tangu hapo uwezo wa kuvua na kurudisha umekuwa nusu ya thamani ya tairi lenyewe, na nusu hiyo imo mikononi mwa fundi.

Anza na tairi. Kabla ya lolote, fundi mzuri hupitisha vidole taratibu upande wa ndani, kwa kuwa mwiba uliotoboa tyubu mara nyingi bado umo humo ukingoja kutoboa tena. Tyubu huiingiza ikiwa na upepo kidogo, ili isijikunje. Huanza kulivisha tairi upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu, akiubana ukingo uingie katikati ya rimu palipo na kina, ili sehemu ya mwisho ipite kwa nguvu ya viganja peke yake. Ukimwona anamalizia kwa bisibisi, shuka moyo: ncha yake huibana tyubu na kuzaa pancha mpya. Kisha huisukuma valvu ndani mara moja na kuivuta, kuhakikisha tyubu haikunaswa chini ya ukingo. Baada ya kujaza upepo, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi karibu na rimu. Lazima uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima. Unapozama, tairi halijakaa. Valvu isimame wima, na tone la mate juu yake lisitoe povu.

Sasa ekseli, ambapo wengi huharibu. Mdomo wa uma wa nyuma ni mrefu, hivyo ekseli inaweza kukaa mbele zaidi au nyuma zaidi, na hata upande mmoja kutangulia mwingine. Gurudumu linapokaa mshazari hivyo, rimu husogelea bomba moja la fremu, na raba ya breki upande mmoja hugusa kabla ya mwenzake. Pima kwa kidole: nafasi kati ya tairi na mabomba mawili ya fremu iwe sawa. Cheni ichezecheze juu na chini karibu sentimita moja na nusu katikati ya giya mbili, na fundi azungushe pedali raundi nzima kabla ya kuridhika, maana giya kubwa mara chache huwa mviringo kamili: cheni iliyolegea hapa yaweza kukaza pale. Nati hukazwa kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, washa ikiwa imekaa kati ya nati na chuma. Akikaza upande mmoja hadi mwisho, gurudumu huvutwa. Mwishowe linyanyue gurudumu na ulizungushe. Lizunguke kwa uhuru bila kukwaruza. Ukilitikisa kando lisicheze. Likisimama upesi, huenda koni imebanwa na gololi zinasagika.

Wapo watakaosema mchuuzi hana haja ya haya yote, kwa kuwa anasukuma, hakanyagi pedali. Nakubali kwamba kwake cheni ina uzito mdogo, lakini nati na unyoofu vina uzito zaidi: kila shimo la barabara hutikisa mzigo wote juu ya ekseli hiyohiyo, na kwenye mteremko breki ndiyo kinga yake. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, kwamba rimu za huko zimekwishapindwa na mizigo, hivyo hakuna fundi atakayezinyoosha kwa bei ya pancha. Ni kweli, na si haki kumdai hivyo. Lakini rimu iliyopinda huyumba kulia na kushoto. Gurudumu lililofungwa vibaya hulala upande mmoja mzunguko mzima. Fundi anayejua hukuonyesha tofauti hiyo kwa kidole, akakuambia ni spoki zipi zimelegea, nawe ukaamua. Asiyejua husema baiskeli ni ya zamani.

Kuhusu muda, ukaguzi wote niliouandika hauchukui hata dakika tano. Na ukishaenda kilometa chache na mzigo, kaza nati tena, kwa kuwa vyuma vilivyofunguliwa na kufungwa upya huhitaji kutulia.